Mwenye Tochi Naye Huonekana: Rada na Redio Vitani, Kuanzia Rufiji

Mtajie rada mtu wa Dar es Salaam aliyevuka miaka arobaini, uone jibu lake. Hatakwambia habari za mawimbi wala za ndege. Atakuuliza, "Ile ya chenji?" Hapa kwetu neno hilo liliingia mitaani kupitia kurasa za magazeti: mtambo ulionunuliwa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 2000, bei iliyozua maneno mpaka ndani ya Bunge la huko huko, na kesi ambayo mwisho wake muuzaji alilipa pauni milioni 29.5, zikanunua vitabu na madawati ya shule za msingi. Chenji ya rada. Vijana nao wana matumizi yao: anayesakwa na bosi wake, au na aliyemkopesha, "yuko kwenye rada".

Neno tunalo, basi. Kitu chenyewe kinafanyaje kazi, na kwa nini kililelewa na vita, hilo ndilo halisimuliwi sana. Na hadithi yake, pamoja na ya ndugu yake mkubwa redio, si ya kwenda kuitafuta Ulaya peke yake. Mojawapo ya sura zake za mwanzo ilitokea kwenye pwani yetu, kati ya bandari ya Dar es Salaam na mikoko ya Rufiji.

Sauti, mwangwi, sikio

Simama Feri jioni, wakati boti za Unguja zinaingia. Juu ya chumba cha nahodha utaona kitu kama rula kubwa nyeupe iliyolazwa, kinazunguka bila haraka. Abiria wengi hudhani ni antena ya televisheni. Hiyo ndiyo rada. Inatoa mlio mfupi sana wa mawimbi ya redio, inanyamaza, inasikiliza, inatoa mwingine. Mlio ukigonga chuma cha meli, mwamba au ukuta wa gati, sehemu ndogo yake hurudi. Mtambo unapima muda uliopita kati ya kutoa na kupokea, na kwa kuwa kasi ya mawimbi inajulikana, kilomita 300,000 kwa sekunde, umbali unapatikana kwa hesabu ya darasa la saba.

Kutoka hapa hadi mjini Unguja ni kama kilomita 70. Mlio wa redio huenda huko na kurudi kwa muda unaokaribia nusu ya elfu moja ya sekunde. Kupima muda mdogo hivyo ni kazi, lakini kazi kubwa zaidi ni kuusikia mwangwi wenyewe. Wimbi likienda hutawanyika, likirudi hutawanyika tena. Ukitaka rada yako ione mbali mara mbili ya mwanzo, nguvu ya mtambo huiongezi mara mbili. Unaiongeza mara 16.

Sasa chukulia umeme umekatika mtaa mzima, nawe una tochi mkononi. Mwanga wako unakuonyesha shimo lililo hatua kumi mbele. Lakini jirani aliyekaa barazani mwisho wa mtaa, ambaye wewe humwoni kabisa, amekuona tangu ulipowasha. Kwake mwanga umesafiri njia moja tu. Kwako ni lazima uende, ugonge kitu, ndipo urudi ukiwa umechoka. Rada ndivyo ilivyo. Redio ya kupigiana ujumbe nayo ni hivyo hivyo. Anayesema hewani hupata anachokitaka, na papo hapo hujitangaza kwa watu asiowajua. Nikisoma habari za mawimbi vitani, karibu kila kisa nakiona kinarudi hapo: haja ya kusema inagombana na usalama wa kunyamaza.

Manowari iliyonyamaza

Mwaka 1914 Dar es Salaam ilikuwa makao makuu ya koloni la Wajerumani, na mjini kulikuwa na mnara wa simu ya upepo, jina ambalo wazee waliipa redio ya kutumiana ujumbe. Vita ilipotangazwa, kitu cha kwanza Waingereza walichokifuata hapa hakikuwa kambi ya askari wala nyumba ya gavana. Kilikuwa kituo hicho. Tarehe 8 Agosti manowari HMS Astraea ilikuja mbele ya mji ikakilenga kwa mizinga. Huko baharini kulikuwa na SMS Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyotoka bandarini hapa tarehe 31 Julai, na kituo cha nchi kavu ndicho kingeweza kuwa masikio na mdomo wake. Wajerumani nao, kwa kuhofia adui asiingie, walizamisha chelezo chao cha kuelea kwenye mlango wa bandari. Wakawa wamemfungia nje mtoto wao wenyewe.

Königsberg ilizamisha meli ya mizigo upande wa Omani, na alfajiri ya tarehe 20 Septemba ikaingia Unguja ikaizamisha HMS Pegasus ikiwa imetia nanga. Kisha ikapotea. Ilikuwa imeingia katika delta ya Rufiji, milingoti imevikwa matawi, na hewani haisemi neno. Waingereza walizunguka pwani hii yote na manowari zenye nguvu kuizidi, na hawakujua iko wapi mpaka tarehe 30 Oktoba.

Walipoipata, hawakuweza kuifikia. Aliyepita kwa mashua kutoka Nyamisati kwenda Mafia anaujua ule mchezo wa vijito, mikoko na maji mafupi. Meli kubwa haina njia. Ikabidi zivutwe kutoka Malta meli mbili za mizinga zenye kina kidogo, Severn na Mersey. Nazo hazikuweza kuiona shabaha, maana kati yao nayo palikuwa na msitu. Jaribio la tarehe 6 Julai 1915 halikuimaliza.

Tarehe 11 Julai walirudi, na juu yao kulikuwa na ndege iliyoruka kutoka Mafia: rubani Cull, na mtazamaji Arnold aliyekuwa na kitufe cha kupigia alama za Morse kwa redio. Kombora likianguka, Arnold anatuma: mbali mno, karibu mno, kushoto, kulia. Mpiga mzinga anasahihisha. Yaani jicho liko angani, mkono uko mtoni, na mshipa unaoviunganisha ni wimbi. Ndege ikapigwa, injini ikazima, ikaanza kushuka. Arnold hakuacha kutuma. Aliendelea kuwasahihisha wenzake huku ndege inaporomoka, mpaka wakatua majini na kuokolewa na mashua ya Mersey. Makombora yaliyofuata yalikwenda mahali pake, na siku hiyo hiyo mabaharia wa Königsberg waliilipua meli yao wenyewe.

Sifurahii vita ya wakoloni kugombania mto wa watu wengine. Lakini kwa upande wa sayansi, kilichotokea Rufiji siku ile ni mbegu ya mengi yaliyofuata. Redio iliacha kuwa tarishi tu wa kupeleka barua, ikawa sehemu ya bunduki.

Kutoka miale ya kifo hadi meza ya fimbo

Kwamba mawimbi ya redio hugonga chuma na kurudi lilikuwa jambo linalojulikana. Mjerumani Christian Hülsmeyer alikwishaonyesha mwaka 1904, kwenye mto Rhine, chombo cha kutambua meli kwa mwangwi wa redio. Jeshi la majini halikuona faida yake. Mambo yakalala miaka thelathini.

Kilichoyaamsha ni swali la kipuuzi. Mwanzoni mwa 1935 wakubwa wa anga wa Uingereza walimuuliza mtaalamu wa redio Robert Watson-Watt kama inawezekana kutengeneza miale ya kumuua rubani angani. Yeye akampa msaidizi wake, Arnold Wilkins, hesabu ya nguvu inayohitajika. Wilkins akakokotoa, akajibu kuwa haiwezekani hata kidogo. Ila mafundi wa posta wamewahi kulalamika kwamba ndege zikipita zinavuruga mawasiliano yao, kwa hiyo huenda ndege ikatambulika hata kama haiwezi kuangushwa. Tarehe 26 Februari 1935 waliegesha gari lenye kipokezi shambani, wakatumia mawimbi ya kituo cha BBC cha Daventry, na ndege aina ya Heyford ikapitishwa juu. Walifuata alama yake mpaka umbali wa kilomita 13 hivi.

Minara iliyotokana na jaribio hilo, mfumo ulioitwa Chain Home, haikuwa mizuri. Wajerumani walikuwa na rada zilizotengenezwa kwa ustadi zaidi. Mawimbi ya Chain Home yalikuwa na urefu wa mita 12 hivi, na ili uyarushe unahitaji minara ya chuma ya mita 110. Agosti 1939 Wajerumani walituma puto lao kubwa la Graf Zeppelin likiwa na vipokezi, lipite pwani ya Uingereza kuchunguza minara ile ina siri gani. Likarudi bila kuitambua.

Ubora wa Waingereza ulikuwa kwenye kilichotokea baada ya mwangwi kusikika. Vituo vilipiga simu kwenye chumba kimoja cha kuchuja habari, Bentley Priory, ambako taarifa zinazogongana zililinganishwa. Kutoka hapo habari ilienda kwenye meza kubwa yenye ramani, na wasichana wa jeshi walisukuma alama kwa fimbo ndefu, kama wacheza pool. Ukutani palikuwa na saa iliyopakwa rangi tatu, nyekundu, njano na buluu, rangi moja kwa kila dakika tano, na kila alama mezani ilivaa rangi ya dakika ilipowekwa. Ofisa akitupa jicho tu anajua ipi ni habari mbichi na ipi imekwisha kuchacha. Amri ikashuka kwa simu hadi uwanjani, na kwa redio hadi kwenye masikio ya rubani. Ndege chache zikatosha, kwa sababu hazikuhitaji kuzurura angani zikitafuta adui. Zilipaa pale zilipoitwa. Ndivyo mapambano ya anga ya kiangazi cha 1940 yalivyoendeshwa.

Mfumo huo ulijifunza kwa damu. Tarehe 6 Septemba 1939, siku tatu tu baada ya Uingereza kuingia vitani, taarifa za rada zilichanganyikiwa, marubani wa Spitfire wakaangusha ndege mbili za wenzao aina ya Hurricane, na rubani mmoja akafa. Mwangwi hauna bendera. Dawa yake ilikuwa hodi ya hewani: kifaa ndani ya ndege ambacho kikiguswa na mlio wa rada ya nyumbani hujibu chenyewe, na alama kwenye kioo inanenepa. Asiyejibu hodi ni mgeni.

Na sikio lisiloaminiwa ni sawa na kutokuwa nalo. Asubuhi ya tarehe 7 Desemba 1941, saa moja na dakika mbili, askari wawili wa Marekani kwenye rada ya Opana, kisiwani Oahu, waliona alama kubwa kuliko zote walizowahi kuziona, zaidi ya kilomita 200 kutoka pwani. Wakapiga simu. Ofisa kijana aliyeipokea alijua kuna ndege za Marekani zinazotarajiwa kutoka bara, akawaambia wasijali. Zilikuwa za Wajapani, zinakwenda Pearl Harbor. Mtambo ulifanya kazi yake yote siku ile.

Mambrui, 1940

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu kisa hiki ni cha pwani yetu na kimesahaulika.

Basil Schonland alikuwa mwanafizikia wa Johannesburg, na elimu yake ilikuwa ni radi. Mtu wa radi anajua kupima milio mifupi ya umeme angani, kwa hiyo kwa rada alikuwa nusu njia tayari. Mwaka 1939 mwanasayansi wa New Zealand, Ernest Marsden, alikuwa anarudi kwao kwa meli kutoka Uingereza akiwa na siri za rada. Schonland akapanda meli hiyo Cape Town, akasafiri naye hadi Durban, akimdodosa na kusoma karatasi zake njiani. Alishuka na maelezo kichwani na kwenye daftari. Mtambo wowote hakupewa. Yeye na wenzake wachache wakaunda wa kwao kwa vipuri walivyoweza kupata dukani, na Desemba 1939 wakapata mwangwi wao wa kwanza, kutoka kwenye mnara wa maji wa mtaa wa Northcliff. Ungedhani ni mafundi wa Kariakoo.

Katikati ya 1940 mtambo uliotokana na huo uliletwa Mambrui, mji wa kale wa Waswahili kaskazini ya Malindi. Italia ilikuwa imeshaingia vitani, na ndege zake zilikuwa Somalia na Uhabeshi, si mbali na Mombasa. Antena ikazungushwa kuelekea bahari na kaskazini, na ikawa inazifuatilia ndege za Waitalia hadi umbali wa kilomita 120 kuwasaidia wapiga mizinga ya kutungulia ndege. Kwa hiyo mtu akikwambia rada Afrika Mashariki ni mambo ya juzi, mwelekeze Mambrui.

Roho ya maikrowevu

Mwaka jana nilipeleka maikrowevu kwa fundi mmoja Gerezani. Alifungua mgongo, akachomoa kitu cha ukubwa wa ngumi mbili: mapezi ya bati kama ya injini ya pikipiki, sumaku mbili nyeusi za duara, na juu kipua kifupi cha chuma. "Kaka, hii ndiyo roho yake," akaniambia. "Ikifa hii umebakiwa na kabati." Kisha akanionya nisisogeze kidole kwenye kapasita iliyo pembeni, hata kama waya umechomolewa ukutani.

Kitu kile kinaitwa magnetroni, na ndicho pengine kifaa kidogo kilichosogeza vita ile zaidi ya mizinga mingi. Tatizo la rada za mwanzo lilikuwa urefu wa mawimbi. Ili umulike kwa mwale mwembamba, antena yako ni lazima iwe kubwa mara nyingi kuliko urefu wa wimbi. Wimbi la mita 12 linataka minara mirefu. Wimbi la sentimita 10 linaingia kwenye pua ya ndege. Mawimbi mafupi hivyo yalikwishatengenezwa maabara, lakini kwa nguvu ya mshumaa.

Februari 1940, katika Chuo Kikuu cha Birmingham, John Randall na Harry Boot walichukua kipande cha shaba wakatoboa matundu kuzunguka tundu la katikati. Elektroni zikizungushwa na sumaku zinapita kwenye midomo ya matundu hayo, na matundu yanalia, kama chupa ya soda inavyolia ukiipulizia mdomoni. Ukubwa wa tundu ndio unaoamua sauti. Jaribio la kwanza lilitoa mawimbi ya chini ya sentimita 10 kwa nguvu ya wati mia kadhaa, kitu ambacho Waingereza hawakuwa wamekiona. Septemba mwaka huo huo Waingereza, waliobanwa na wasio na viwanda vya kutosha, walibeba kifaa hicho ndani ya sanduku la chuma wakakipeleka Marekani. Huko kikafunguliwa maabara nzima katika chuo cha MIT.

Matokeo yake yalionekana baharini. Nyambizi za Wajerumani ziliwinda misafara ya meli katika Atlantiki kwa makundi, na ili zikusanyike ilibidi zisemezane kwa redio na makao makuu. Kila ujumbe ulikuwa tochi. Meli za ulinzi zilifungwa vipima-mwelekeo vya redio vilivyoweza kunasa mlio wa sekunde chache na kuonyesha umetoka upande gani. Rada za ndege nazo ziliziona nyambizi zikiibuka usiku kuchaji betri. Wajerumani wakajibu kwa kipokezi kilichoitwa Metox, sikio la kusikia rada kabla rada haijaona. Ikilia, nyambizi inapiga mbizi. Kilisaidia. Kisha mwaka 1943 zikaja rada za sentimita 10, na Metox, iliyotengenezwa kwa mawimbi ya mita moja na nusu hivi, haikusikia lolote. Manahodha wakajikuta wanamulikwa katikati ya giza kimya kimya. Mwezi Mei 1943 peke yake zilipotea nyambizi zaidi ya 40.

Kichekesho ni kwamba Wajerumani walilaumu sikio lao. Mwingereza mmoja aliyetekwa aliwaambia ndege huifuata Metox yenyewe, kwa sababu kipokezi kile nacho kinavujisha mawimbi kidogo. Ni kweli kilikuwa kinavuja, na uongo unaosimama juu ya kipande cha ukweli hauanguki upesi. Amri ikatoka kizimwe.

Kumdanganya anayesikiliza

Ukishajua adui anategemea sauti fulani, hulazimiki kuizima. Unaweza kuiharibu.

Mwaka 1940 marubani wa Ujerumani waliongozwa usiku na mfumo uitwao Knickebein. Antena moja inarusha nukta, ya pili inarusha vistari. Rubani akiwa katikati kabisa anasikia mlio mmoja mfululizo, akienda kando anasikia upande mmoja umezidi. Mwale wa pili unakatiza wa kwanza juu ya mji unaolengwa, na hapo mabomu yanaachiwa. Kijana wa miaka 28, R. V. Jones, aliunganisha vipande vya habari akamweleza Churchill tarehe 21 Juni 1940, na ndege iliyorushwa kutafuta mwale huo iliukuta. Vivuruga-mawimbi vya kwanza vilikuwa mashine za hospitali za kupasha misuli joto, zilizogeuzwa kupiga kelele kwenye masafa yale.

Havikufaulu kila mara. Usiku wa tarehe 14 Novemba 1940, Wajerumani walipokuja Coventry na mfumo mpya zaidi, vivuruga-mawimbi vilikuwa vimewekwa kwenye toni isiyo yake, mitetemo 1,500 kwa sekunde badala ya 2,000, na vichujio vya Wajerumani vikaitupa nje ile kelele kama pumba. Zaidi ya watu 500 walikufa. Kosa lenyewe lilikuwa la kusikiliza vibaya noti moja.

Halafu kuna karatasi za kung'aa. Ukitaka kuipofusha rada, irushie vitu vingi vya bei rahisi vinavyorudisha mwangwi. Ukanda mwembamba wa karatasi yenye alumini, ukikatwa nusu ya urefu wa wimbi la rada husika, hupokea na kurudisha wimbi kana kwamba ni kitu kikubwa mno kuliko ulivyo. Rada ya Kijerumani iliyoitwa Würzburg ilitumia wimbi la sentimita 53 hivi, kwa hiyo ukanda ukakatwa sentimita 27. Waingereza waliijua hila hii, Wajerumani nao waliijua, na kila upande uliificha kabatini kwa kuogopa mwenzake asiige. Kwa zaidi ya mwaka mzima watu wazima wenye vyeo walikaa juu ya siri ya makaratasi.

Usiku wa tarehe 24 Julai 1943 siri ikatolewa. Ndege 791 zilikwenda Hamburg zikimwaga mafungu ya kanda hizo, na kwenye vioo vya rada ya Wajerumani anga zima likajaa ndege zisizokuwepo. Mizinga ikapiga ovyo. Zilipotea ndege 12. Vitabu vingi vya historia ya sayansi husimulia usiku huo kwa kushangilia hesabu hiyo. Mimi hushindwa, kwa sababu mlango uliofunguliwa na makaratasi yale ndio walioupitia siku tatu baadaye walipowasha moto ulioteketeza mitaa mizima. Mashambulizi ya juma lile yaliua makumi ya maelfu ya watu wa Hamburg, wengi wao raia.

Uongo mwingine ulikuwa mwepesi. Marubani wa usiku wa Uingereza walipoanza kuangusha ndege gizani kwa msaada wa rada ndogo za ndani ya ndege, magazeti yao yaliandika kwamba siri ni kula karoti. Sina hakika kama kuna Mjerumani aliyeamini. Mama zetu waliamini.

Kelele zilizobaki

Februari 1942 rada za jeshi la Uingereza zilizidiwa na kelele kwa siku mbili, na ikadhaniwa Wajerumani wamevumbua kivurugaji kipya. Mwanafizikia J. S. Hey alipopanga taarifa za vituo mbalimbali aliona kwamba chanzo cha kelele kilikuwa kinasogea angani kutoka mashariki kwenda magharibi mchana kutwa. Lilikuwa jua, lenye madoa makubwa siku hizo. Vita ikiisha, wengi wa vijana wa rada walihamishia antena zao kwenye nyota.

Waendeshaji wa rada za mawimbi mafupi walikuwa na adui mwingine aliyewakera: mvua. Matone yalirudisha mwangwi na kufunika ndege. Ni ndugu wa kero unayoijua sebuleni, king'amuzi kinapoganda mara tu wingu zito linapopita juu ya Mbagala. Baada ya vita kero hiyo ikageuzwa kazi. Mamlaka ya Hali ya Hewa ina rada yake Bangulo, hapa Dar es Salaam, na kinachotafutwa nayo ni yale yale matone yaliyokuwa yakilaaniwa mwaka 1943.

Vita vyenyewe havikuacha mawimbi. Huko Ukraine ndege ndogo zisizo na rubani zilianza kwa kuongozwa kwa redio, na kila upande ukajaza hewa kelele kiasi kwamba ndege zinapotea njia, au anayeziongoza anapatikana kwa redio yake na kupigwa. Kwa hiyo tangu 2024 zimeongezeka zinazoruka zikifungua nyuma yao uzi wa kioo, mwembamba kama mshipi wa kuvulia, kilomita nyingi za uzi, na amri zinapita humo bila kutoa hata chembe ya sauti hewani. Picha zinazopigwa huko asubuhi, jua likiwa chini, zinaonyesha mashamba na miti iliyotandwa nyuzi zinazong'aa, zimenasa kwenye matawi kama mshipi uliokatikia mikokoni.